Ng'ombe kwa 0 na 1
Chukua karatasi, andika kuanzia kushoto: 128, 64, 32, 16, 8, 4, 2, 1. Tumwandike ng'ombe kama kompyuta inavyomhifadhi, kwa 0 na 1 tu. Kwenye jedwali la ASCII, linaloipa kila herufi namba yake, n ndogo ni 110, yaani 64+32+8+4+2. Chini ya kila namba uliyotumia weka 1, kwingine 0: 01101110. Hiyo ni baiti moja. Herufi g ni 103. Hiyo malizia mwenyewe.

Kasheshe iko kwenye ritifaa, kile kialama cha ng'. Iliyonyooka ni 39, baiti moja tu. Simu yangu hupenda kuipinda, na iliyopinda, kwa UTF-8 (mfumo wa kuandika herufi na alama nyingi kuliko za ASCII), hula baiti tatu: 226, 128, 153. Programu ya zamani ikizisoma moja moja, unapata ngâ€™ombe. Nilishachapisha matangazo ya mnada yenye mnyama huyo, nakala mia mbili! Siku hizi kabla ya kuchapa natafuta zilizopinda zote, nazinyoosha.