Namna ya kusoma alama za seli za kinga unapochunguza wepesi wa kuambukizwa VVU

Kila kijana ninayemfundisha maabara huniuliza: mwenye CD4 nyingi, yaani seli za kinga ambazo VVU hushambulia, si ndiye aliye salama zaidi? Hapana. Idadi ya CD4 humwonyesha daktari kinga ya aliyekwisha kuambukizwa imefikia wapi. Ukitaka kujua seli ipi inaingilika kwa urahisi, tazama kilichoko juu ya ganda lake, yaani alama za protini zenye majina kama CD3 na CD4.

Anza na CD3, alama ya seli T, aina ya seli nyeupe za damu. Ukiiruka utahesabu monositi, aina nyingine ya seli nyeupe, pamoja na seli T, kwani monositi nazo zina CD4, japo hafifu. Kosa hilo nililifanya mwaka wangu wa kwanza, nikarudia kazi ya siku nzima. Ukishatenga zenye CD3, ndipo uchague zenye CD4.

Sasa tafuta CCR5, kipokezi kilicho juu ya seli, na hapa usiharakishe. Virusi hujishikiza kwenye CD4, lakini karibu vyote vinavyoanzisha maambukizi mapya huhitaji pia CCR5 ndipo viingie. Hilo limejulikana tangu 1996. Aliyerithi kwa baba na kwa mama jeni ya CCR5 iliyopungukiwa herufi 32 hana kipokezi hicho kwenye seli zake, na ni nadra sana aambukizwe. Nimesema nadra, kwa sababu vipo virusi vinavyopitia kipokezi kingine, CXCR4. Timothy Ray Brown, Mmarekani aliyekuwa na VVU na saratani ya damu, alipandikizwa mjini Berlin, mwaka 2007, seli za mtu wa namna hiyo, akapona VVU.

Kisha angalia kama seli imeamshwa, yaani imechochewa kupambana. Alama ya kuamka iitwayo CD69 hujitokeza ndani ya saa chache. HLA-DR na CD38 hufuata. Virusi huzaliana vizuri zaidi ndani ya seli iliyoamka. CD38 usiisome peke yake, maana hata seli T ambazo hazijawahi kukutana na kimelea huwa nayo. Hesabu zile zenye HLA-DR na CD38 kwa pamoja.

Halafu uliza sampuli imetoka wapi. Hili nalisisitiza mno. Katika damu, seli za CD4 zenye CCR5 ni chache. Kwenye utando wa uke na wa utumbo ni nyingi, na uvimbe wa magonjwa ya zinaa huzivuta nyingine zaidi.

Mwisho, tazama tarehe. VVU vyenyewe huamsha seli za kinga. Sampuli iliyochukuliwa baada ya maambukizi haiwezi kukuambia mtu alikuwaje kabla, kwa hiyo iweke kando hata kama chati yake inapendeza.