Umeandikiwa statini? Anza hivi

Niko famasi hapa Kigoma mjini. Mtu akiingia na karatasi ya vipimo, swali huwa ni lile lile: "Dokta, wameniambia nina mafuta kwenye damu. Hizi nitameza mpaka lini?" Hizo ni statini, dawa za kushusha mafuta hayo. Swali nalijibu mwishoni. Kuna mambo ya kujua kwanza.

Hatua ya 1: Jua umepewa ipi

Jina kubwa kwenye boksi ni la biashara tu. Soma maandishi madogo chini yake: atorvastatin, rosuvastatin au simvastatin. Zote hubana kimeng'enya ambacho ini hukitumia kutengeneza lehemu (kolesteroli). Ini likipungukiwa, huivuta lehemu mbaya, ile LDL, kutoka kwenye damu.

Saa za kumeza ndizo hutofautiana. Simvastatini haikai sana mwilini, na ini hutengeneza lehemu zaidi usiku, kwa hiyo humezwa jioni. Atorvastatini na rosuvastatini hukaa muda mrefu. Meza saa yoyote, ila iwe saa hiyo hiyo kila siku.

Kwa mji wa wavuvi hili si jambo dogo. Nilikuwa na mteja, mvuvi wa dagaa wa Kibirizi, lehemu haishuki na anaapa anameza. Tukahesabu vidonge. Kumbe alikuwa anameza siku za mbalamwezi tu, maana ndizo siku asizoingia ziwani! Usiku mwingine wote yeye yuko majini, simvastatini iko kabatini. Tukampigia daktari wake, akambadilishia atorvastatini, na sasa anaimeza na chai akitoka mwaloni asubuhi.

Hatua ya 2: Weka dawa zako zote kwenye mfuko mmoja, uje nazo

Zote, hata ya mba na ya kikohozi. Statini ikikutana na dawa isiyoelewana nayo hujaa kwenye damu kupita kiasi, na misuli ndiyo inayoumia. Za kuangalia sana:

- Amlodipini ya presha: ukiwa nayo, simvastatini isizidi miligramu 20 kwa siku. Mchanganyiko huu nauona mara nyingi kuliko mwingine wowote.
- Antibiotiki za klarithromisini na erithromisini, pamoja na vidonge vya fangasi kama ketokonazo na itrakonazo.
- ARV zenye ritonavir. Hapo simvastatini haifai kabisa. Usione haya kuniambia. Chumba cha pembeni kipo.
- Juisi ya balungi, kwa simvastatini na atorvastatini.

Mama mjamzito, anayetafuta mimba au anayenyonyesha, amwambie daktari kabla ya kumeza hata kimoja. Mwenye ugonjwa wa ini, vivyo hivyo.

Hatua ya 3: Pima kabla, rudia baadaye

Kabla ya kuanza, pima lehemu, ini na sukari. Rudia lehemu kati ya wiki ya 4 na ya 12.

Ukisoma majibu, angalia kipimo kilichotumika. Mama mmoja alinijia analia: lehemu yake ilikuwa 4, miezi mitatu baadaye imekuwa 155. Haikuwa imepanda hata kidogo. Maabara ya kwanza iliandika kwa mmol/L, ya pili kwa mg/dL. Zidisha ya kwanza kwa 38.7 utaipata ya pili.

Hatua ya 4: Sikiliza misuli, tazama mkojo

Ukishinda unalima au unapakua mizigo bandarini, mwili utauma na statini haihusiki. Maumivu ya kutiliwa shaka ni yale yasiyo na sababu, hasa mapaja au mabega ya pande zote mbili. Yakiwa madogo, usiache dawa kimyakimya. Nenda kwa daktari, anaweza kupunguza dozi au kubadilisha aina.

Ila misuli ikilegea au kuuma sana, na mkojo ukawa kama chai ya rangi iliyokolea, acha dawa na uende hospitali siku hiyo hiyo, Maweni au iliyo karibu nawe. Misuli inavunjika na figo ziko hatarini. Hutokea kwa nadra sana. Macho yakiwa ya manjano, fanya hivyo hivyo.

Hatua ya 5: Mawese

Mtaniambia mawese hayana lehemu. Kweli, hayana. Lakini karibu nusu yake ni mafuta yale yanayoganda, na hayo ndiyo humfanya mtu apandishe LDL. Sisemi muache mawese, nitafukuzwa Kigoma. Pimeni kwa kijiko badala ya kumimina, na migebuka, samaki wetu, mingine ichomwe badala ya kukaangwa.

Hatua ya 6: Majibu yakiwa mazuri, endelea

Sasa lile swali. Kwa wengi ni dawa ya miaka, mara nyingi ya maisha. Majibu mazuri ni kazi ya kidonge. Ukiacha, ndani ya wiki chache lehemu inarudi ilikokuwa. Ukisahau cha jana, leo meza kimoja tu, usifidie.

Vikibaki vidonge saba, njoo uchukue vingine, na uje na pakiti ya zamani. Boksi la miligramu 10 na la 40 la kampuni moja hufanana mno, na mimi jioni macho huchoka.