Kutengezewa ziwa baada ya kutolewa: uliza mambo ya mionzi kwanza

Dada zangu mliotolewa ziwa kwa saratani, kabla hujasaini fomu ya kutengezewa ziwa jipya muulize daktari, je nitahitaji mionzi ya kutibu saratani baada ya opresheni? Jibu la hapo ndo linabadilisha kila kitu. Ngozi iliyopigwa mionzi inakuwa ngumu, mishipa midogo ya damu inaharibika, kwa hivo kidonda kinachelewa kupona na maambukizi yanaingia kirahisi.

Ukiwekewa silikoni, ule mfuko laini wa kujazia ziwa, mwili hujenga utando kuizunguka, hiyo ni kawaida, lakini ukipigwa mionzi utando huo mara nyingi unakuwa mnene unaibana silikoni mpaka ziwa linakuwa gumu, linapanda juu, linauma, na yaweza kuja hata baada ya miaka, wengine wanarudi tiata kuitoa. Ndo maana wengi wanashauriwa wamalize mionzi kwanza, wasubiri kama miezi 6 hadi 12, halafu watumie nyama yao wenyewe ya tumbo au mgongo maana ile inakuja na damu yake. Hiyo nayo ni opresheni ya masaa mengi na kidonda cha pili. Kusubiri kunauma, najua, lakini sidiria za kujazia zipo, na mionzi isicheleweshwe kwa ajili ya umbo. Uwe unatibiwa hospitali ya Coast General Mombasa ama kwengine, omba daktari wa upasuaji na wa mionzi waongee kabla tarehe haijapangwa.

Sigara na shisha acha kabisa, na kama una sukari hakikisha iko sawa. Wakati wa mionzi, na joto hili letu, vaa dera la pamba lisilobana, ukioga jikaushe kwa leso laini bila kusugua, liwa na manukato yakae mbali na kifua.

Na hili nawaomba kina mama na mashangazi: msimkande mgonjwa kwa maji moto! Ziwa lililotengezwa mara nyingi halina hisia, anaungua hajui, anakuja kuona malengelenge akivua nguo.

Kwa ngozi zetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hivo kila siku gusa pande zote mbili za kifua kwa mgongo wa mkono, ukihisi upande mmoja una moto, umevimba ama ngozi inang'aa, au kuna usaha, mshono umefunguka, homa imefika 38, nenda hospitali siku hiyohiyo hata kama ni usiku, usingoje tarehe ya kliniki.