Mishkaki, samaki wa kupaka na muhogo: mapishi ya kupeleka ufuoni wakati wa likizo

Likizo ikifika, ufuo wa Jomo Kenyatta, Mombasa, hujaa tangu asubuhi, na anayekwenda na nyama nzima akitumai kuikatia huko huishia kula saa kumi. Maji safi hayatoshi, kivuli huhama, mchanga huingia katika kila kilicho wazi. Kazi yote ya kisu, isipokuwa ya nyanya, imalizikie nyumbani. Ufuoni ni kuchoma na kula tu. Vipimo hivi ni vya watu 8 hivi.

Anza na mishkaki usiku wa kuamkia safari. Nunua kilo moja na nusu ya steki, na umwombe bucha akuongezee robo ya mafuta. Kata vipande vya inchi moja, vyote sawa. Vikitofautiana, vidogo vitaungua vikubwa vikiwa bado vibichi. Saga punje 8 za thomu (kitunguu saumu), tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba na pilipili mbichi 2, kisha changanya na bizari nyembamba kijiko kidogo kimoja na nusu, pilipili manga kijiko kidogo kimoja, chumvi vijiko vidogo viwili, ukwaju mzito kijiko kikubwa kimoja na mafuta ya kupikia vijiko vikubwa vitatu. Ikande nyama, uifunike, itie frijini.

Utaona hapo hamna papai. Papai bichi lina papaini, kimeng'enya kinachokata nyuzi za nyama, na hakijui kuacha. Likilala na nyama usiku kucha, asubuhi nyama huwa laini kama uji kwa juu na humeguka kwenye kijiti kabla haijaiva. Ukilitaka, lisage na ganda lake, utie kijiko kikubwa kimoja na nusu kwa nyama hiyo, saa mbili tu kabla ya kuchoma. Ikiwa nyama ni ya sarara, liache kabisa.

Vijiti vya mianzi viloweke nusu saa visishike moto. Tunga vipande 5 au 6, kipande cha mafuta kati ya kila viwili vya nyama, na usivibananishe, la sivyo katikati patabaki pabichi. Rojo lililobaki lilikuwa na nyama mbichi: ama ulichemshe, ama ulimwage. La kupaka wakati wa kuchoma litengeneze kando kwa mafuta, ndimu na chumvi.

Samaki ndiye anayetaka uangalifu zaidi. Changu wawili wa kilo moja moja wanatosha; kolekole pia yuafaa, lakini nguru wa vipande hukauka upesi juu ya makaa. Chagua mwenye macho maangavu na matamvua mekundu. Mwombe muuzaji amtoe magamba na kumpasua mgongoni, tumbo libaki limeshikana, ili afunguke kama kitabu na moto umfikie sawasawa. Thomu, tangawizi, pilipili, chumvi na ndimu vibebe katika chupa, umpake ukiwasha moto. Ndimu ikikaa naye saa nyingi, nyama yake hugeuka nyeupe na kumumunyuka.

Tui la kupaka lipike nyumbani. Zikune nazi 2, uzikamue kwa vikombe 2 vya maji ya vuguvugu upate tui zito. Litie sufuriani na nyanya 2 zilizosagwa, thomu punje 3, manjano nusu kijiko kidogo, pilipili moja na chumvi. Koroga bila kuacha mpaka lichemke. Ukiliacha pekee, tui hukatika: mafuta juu, maji chini, na halirudi. Punguza moto, liache lipungue mpaka ukipitisha kidole nyuma ya mwiko njia ibaki wazi, ndipo utie ukwaju vijiko viwili. Likiwa jepesi litachuruzika makaani na kuzua moshi. Lipoze, libebe katika chombo chenye barafu pamoja na nyama na samaki, kwani kwa joto la Mombasa tui huchacha upesi.

Muhogo, kilo 2, umenye, uutoe mzizi wa kati, uuchemshe dakika 12 kwa maji ya chumvi sufuria ikiwa wazi. Onja: ukiwa mchungu, tupa wote. Kwa kachumbari, kata vitunguu 4, uvifikiche kwa chumvi na kuviosha. Nyanya 6 zikatie hukohuko wakati wa kula, maana zikisafiri na chumvi zitafika zikiogelea. Na mkate wa mofa wa kununua hauna aibu.

Kabla ya kuweka jiko, tazama mstari wa mwani, ukae juu yake. Siku za bamvua maji hupanda zaidi ya unavyodhani. Kinga upande wa upepo. Mkaa, debe moja, uwashe kwa vifuu vya nazi, si mafuta ya taa, ambayo harufu yake haitoki kwenye samaki. Subiri dakika 30 hadi 40 mpaka makaa yafunikwe na jivu jeupe. Kuchoma juu ya ndimi za moto ndiko kunakotoa mishkaki nyeusi nje na mibichi ndani. Sukuma makaa mengi upande mmoja, machache upande wa pili.

Muhogo huanza, upande wa moto mdogo, ukigeuzwa mpaka upate ngozi ya kahawia. Upasue, umimine ndimu, chumvi na pilipili. Mishkaki hufuata upande wa moto mkali, dakika 8 hadi 10, ukiigeuza kila dakika mbili. Samaki mwisho, makaa yakishatulia. Wavu uwe moto na umepakwa mafuta, kwani wavu baridi ndio unaonasa ngozi. Mlaze upande wa nyama dakika 6, umgeuze mara moja, kisha umpake tui mara tatu kwa dakika 8 zinazobaki. Ukimpaka mapema tui huungua na kuwa chungu. Ameiva nyama ikiachana na mfupa kwa kusukumwa na uma.

Makaa usiyafukie mchangani: mchanga hutunza moto kwa saa nyingi, na watoto hupita peku. Yamwagie maji ya bahari mpaka yasisikike yakichemka, uyabebe katika debe lilelile.