Somo: kabla ya kuweka data ya duka kwenye programu yenye imehamishwa juzi kwenye sistemu ingine

Naandika mara moja, mwenye ataniuliza tena nitamutumia huku. Programu ya data ikikuwa imara kwenye Linux (sistemu ya kuendesha mashine, kama Windows) miaka na miaka, haina maana iko imara vile vile penye imefika juzi. Hata Postgres, programu ya kuhifadhi data, ilipoingia Windows bila Cygwin (programu ya kuigiza Linux ndani ya Windows), toleo 8.0, Januari 2005, benye kuitengeneza benyewe waliandika: muichunge kama kitu kipya.

1. Toa kopi na pg_dump (amri ya Postgres ya kutoa kopi).
2. Jaribu kwenye mashine ingine, si ile yenye inauza.
3. Rudisha kopi, hesabu fakitire: zilikuwa ngapi, zimefika ngapi.
4. Usihamishe data kwenda sistemu ingine kwa kukopia folda yake mbichi. Hapa njo nilianguka. Depo moja ya dawa huku Kadutu, Bukavu, niliona pg_dump inachelewa, nikazima Postgres ya Debian (aina moja ya Linux), nikabeba folda nzima nikaiweka kwenye Alpine (aina ingine), ikafunguka bila kulalamika, nikapokea pesa yangu nikaenda. Siku ya tatu mama mwenye kuuza ananipigia: anatafuta Quinine, mashine inasema hakuna, na kwenye liste anaiona na macho. Akaiandika upya, sasa ziko mbili, kila moja na stoki yake! Debian inapanga majina kama kamusi, Alpine inatanguliza herufi kubwa zote, na indeksi (ile liste ya kutafutia) ilibaki na mupango wa zamani. Hata Debian 9 kwenda 10 inafanya vile, juu glibc (maktaba yenye Debian inatumia kupanga majina) 2.28 ya 2018 ilibadilisha mupango. Kama umeshakosea, REINDEX (amri ya kujenga indeksi upya), lakini itagoma mupaka utoe zile mbilimbili na mukono.
5. Andika fakitire, chomoa kamba ya umeme, washa, angalia kama ile ya mwisho iko. Rudia mara kumi.

Maswali ya watu, na majibu yangu:

— Mukubwa, iko APK, ya kuweka kwenye simu?
— Hapana.

— Mi nimeshaweka kwenye mashine ya duka, haifunguki.
— Kopi iko wapi?
— Sina.
— Usiguse kitu. Kopia folda yote pembeni kwanza, kiisha njo ujaribu. Hatua ya 1 ilikuwa mustari mumoja tu.
— Unajibu vibaya.
— Yule mama alinililia mimi, si wewe.

— Samahani yaya, juu ya nini kuchomoa? Ikisema imehifadhi, si imehifadhi?
— Umeuliza vizuri. Postgres inaomba sistemu, sistemu inaomba diski, na diski zingine zinajibu "tayari" wakati data iko bado kwenye kumbukumbu yake ndogo, umeme ukienda nayo inaenda. Na kila sistemu iko na namna yake ya kuomba, njo maana mi naanziaka pale mutu akihamisha programu. Andika SHOW wal_sync_method ndani ya Postgres uone namna yako. Na usizime fsync (ile ya kulazimisha data iandikwe kwenye diski) hata wakikuambia programu itakimbia mbio.

— Mi serveri yangu ni laptopu ya zamani, betri njo ondulere (ya kushika umeme ukienda).
— Hata mi, ila kwa ile hatua ya 5 toa betri kwanza, bila vile haujajaribu kitu. Na flash ya kopi, ikimaliza, ichomoe uende nayo nyumbani.