Kung'arisha taa za gari zilizofubaa kwa jua la Tabora

Kabla hujanunua msasa, jua ukungu uko upande gani. Mwagia taa maji uitazame. Ikirudi kuwa angavu ikiwa na maji na kufubaa tena inapokauka, ubovu uko nje, unatoka. Isipobadilika, ubovu uko ndani: mpira wa nyuma umechoka na unyevu unaingia, au ile sahani inayong'aa nyuma ya balbu imeungua. Hapo utasugua hadi jioni bila faida. Gonga pia kwa ukucha. Taa za duara za Land Rover za zamani ni kioo kabisa na hulia "ting". Hizo usizipake msasa. Za Noah, IST na Probox ni plastiki, na sauti yake ni butu.

Plastiki hiyo hutoka kiwandani ikiwa na tabaka jembamba la klia, yaani vanishi angavu isiyo na rangi, la kuikinga na jua. Kiangazi cha huku, kuanzia Juni hadi Oktoba, jua hulichoma na vumbi hulikwaruza, mpaka linakuwa njano na kubanduka magamba. Ndiyo maana dawa ya meno inadanganya. Inang'arisha kweli, lakini hairudishi klia, na baada ya wiki chache unjano umerudi.

Kwa taa mbili tafuta msasa wa maji namba 600, 800, 1000 na 2000, karatasi moja moja, tepu ya karatasi ya mafundi rangi, chupa ya kupulizia yenye maji na matone ya sabuni ya vyombo, spiriti, vitambaa safi vya pamba, na klia yenye hadina yake, yaani dawa ya kuigandisha. Duka la rangi za magari linaweza kukupimia kidogo: mililita 100 za klia zinatosha na kubaki. Uwiano wa hadina fuata kopo lenyewe, kwa sababu 2 kwa 1 na 4 kwa 1 zote zipo.

Osha taa, kisha bandika tepu mara mbili kuzunguka ukingo wote. Msasa ukiteleza mara moja tu juu ya boneti, umejipa kazi nyingine.

Anza na 600, ukisugua kwa kulala, yaani kulia na kushoto, huku unapulizia maji muda wote. Zungushia msasa kipande cha sponji ili vidole visichimbe mifereji. Angalia maji yanayotiririka. Mwanzoni ni ya njano, mazito kama uji mwepesi. Hiyo ni klia ya zamani inatoka. Yakigeuka meupe, umefika kwenye plastiki. Wengi huchoka kabla ya hapo, na mabaka waliyoyaacha huonekana wazi klia mpya ikishakauka. Taa sasa itakuwa nyeupe kuliko ulivyoanza. Usiogope, ndivyo inavyotakiwa.

Ingia na 800, safari hii kwa kusimama, juu na chini. Mikwaruzo ya kulala ikiisha yote, hamia 1000 na urudi kulala. Kama utapiga klia, ishia hapo: klia inahitaji mahali pa kushika, na yenyewe hujaza mikwaruzo midogo. Namba 2000 na kompaundi, ile dawa nzito ya kung'arishia, ni za asiyepiga klia. Ukitumia drili yenye sponji kwa kompaundi, iendeshe taratibu na usiituamishe sehemu moja, maana plastiki huyeyuka.

Futa kwa spiriti, si kwa tina ya rangi wala petroli. Hizo huiachia plastiki nyufa kama nywele, na nyufa hizo hazitibiki.

Kivuli cha mwembe ni kizuri kwa kusugua, lakini kwa klia ni kibaya: maua, utomvu na wadudu hudondoka juu ya kazi mbichi. Pulizia asubuhi upepo ukiwa umetulia, ukiwa umemwagia ardhi maji kuzuia vumbi. Jua la saa saba hukausha klia kabla haijajitandaza, ikatoka na vinundu kama ganda la chungwa. Kwa Kigoma wakati wa mvua shida ni unyevu, unaoifanya klia iwe na weupe wa maziwa. Subiri siku kavu. Vaa maski ya mafundi rangi yenye vichujio, kwa sababu mvuke wa hadina ni hatari kwa mapafu na kitambaa hakiuzuii.

Koti la kwanza la klia liwe jepesi kama umande. Ngoja dakika 10, piga la pili lililolowa vizuri. Toa tepu klia ikiwa bado laini, la sivyo inabanduka nayo. Usioshe gari kwa saa 24.

Kagua balbu pia. Balbu ya kawaida ya aina ya H4 ni wati 60 kwa taa kubwa na 55 kwa taa ndogo. Ukifunga ya wati 100, joto lake huichoma taa kwa ndani, ambako msasa haufiki.