Namna ya Kupima Kipaji cha Dereva wa Formula 1 Bila Kudanganywa na Gari

Mtazamaji wa Kigoma anayefuatilia mbio za magari za Formula 1 kwenye runinga, awe Ujiji au Mwanga, asianze kwa kuhesabu ushindi. Mwaka 1988 magari ya timu ya McLaren yalishinda mbio 15 kati ya 16, hivyo ushindi 8 wa Ayrton Senna na 7 wa Alain Prost, madereva wake wawili, unawalinganisha kwa haki wao wawili tu. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote: mlinganishe dereva na mwenzake wa timu, kwa kuwa magari yao hukaribiana sana, ukitazama muda wa kupanga nafasi za kuanzia, kisha kasi katika mbio zenyewe, kwa msimu mzima, maana hitilafu ya siku moja hupotosha hesabu. Mfuate pia anapobadili timu. George Russell, ambaye hakuwa amepata pointi akiwa Williams, aliazimwa na Mercedes huko Bahrain mwaka 2020, akapata nafasi ya pili ya kuanzia, nyuma ya Valtteri Bottas, mwenzake katika timu hiyo, kwa sekunde 0.026. Mvua nayo hupunguza faida ya injini yenye nguvu, ingawa uteuzi mzuri wa matairi unaweza kumbeba dereva wa kawaida.